Binti Yetu na Udugu wa Wanachuo



Miongoni mwa mambo yanayowapasa wazazi wa Kiislamu kuyatafakari ni vyama ambavyo watoto wetu huitwa kuvingia wanapofika vyuo vikuu. Mzazi humlea mwanawe, akampeleka madrasa akajua Kurani yake, kisha akamsomesha shule kwa jasho la uso wake. Siku moja mtoto huyo huvuka bahari, akakutana na watu wasiomjua baba yake wala babu yake, nao wakamwambia: Njoo uwe ndugu yetu. Je, mzazi aseme nini?

Sisi, mume na mke, twakaa Buhemba, wilaya ya Butiama, mkoani Mara, katika nchi ya machimbo ya dhahabu. Mwenyezi Mungu ametujaalia binti, naye amepata nafasi ya kusoma chuo kikuu kimoja huko Marekani. Katika mwaka wake wa pili alipata barua ya kumwita ajiunge na chama cha heshima, ambacho huwachagua wanafunzi waliofaulu vizuri, wanaume kwa wanawake, wakawa pamoja kama ndugu. Alitupigia simu, na baada ya kutuamkia akasema: “Baba, mama, sitaingia bila radhi yenu. Lakini nawaomba msikatae kabla ya kunisikiliza. Huku sina ndugu hata mmoja.”

Maneno hayo ya mwisho yalituchoma moyo. Kukataa ni jambo jepesi, walakini kumwacha mtoto peke yake ugenini nako kuna khatari yake, kwani moyo usiopata wenziwe wa kheri hutafuta wengine. Tukamwomba atupe muda wa majuma mawili, nasi tukaanza kuuliza na kusoma.

Yafaa msomaji ajue khabari za vyama hivi. Huko huitwa kwa jina litokalo katika neno la Kilatini “frater”, yaani ndugu wa kiume. Kilicho mashuhuri kati ya vile vya heshima ya elimu, nacho kina umri mkubwa, ni Phi Beta Kappa, kilichoanzishwa tarehe 5 Desemba 1776 katika chuo cha William and Mary, mjini Williamsburg, Virginia. Mwanzoni kilikuwa cha siri, na wanachama walikuwa na viapo na namna yao ya kupeana mikono. Lakini watu wa nchi ile walipoanza kuvitilia shaka vyama vya siri, tawi la Harvard liliiacha siri hiyo katika mwaka 1831. Wanawake hawakuingia hata mwaka 1875, ndipo tawi la Vermont lilipowapokea wawili. Chama kingine, Phi Sigma Pi, kilianzishwa mwaka 1916 katika chuo cha ualimu cha Warrensburg, Missouri, kikawa cha wanaume hata mwaka 1977 kilipowafungulia wanawake mlango. Nguzo zake ni tatu: elimu, uongozi na udugu.

Basi tuliona kwamba mambo haya si ya namna moja. Yamo yaliyo mema, yamo ya kutilia shaka, na yamo yaliyobadilishwa na wenyewe walipoona hayafai.

Wala isidhaniwe kwamba wanachuo kuungana ni jambo la Wazungu peke yao. Hapa si mbali na Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere. Alipokuwa Makerere kati ya mwaka 1943 na 1945, yeye pamoja na Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu waliunda chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika. Mwapachu alikuwa Muislamu, na wenziwe Wakatoliki. Umoja wao haukumfanya yeyote aiache dini yake, bali uliwafunza kuifikiria nchi yao. Makerere hiyo ilianza kuwapokea wanawake katika mwaka 1945, na tangu hapo mabinti wa Afrika ya Mashariki wamekaa madarasani pamoja na wavulana. Kwa hivyo kuchanganyika katika elimu kumekwisha kuwa jambo la kila nyumba yenye msichana wa chuo, na lililobaki ni kuuliza: kuchanganyika kwa namna gani, na kwa ajili ya nini?

Tulimwendea mzee mmoja anayetufundisha dini, tukamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Wanangu, mmesahau kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema hakuna hilfu katika Uislamu? Muislamu ametosheka na udugu wa imani.” Tukamjibu kwa adabu: “Ni kweli, mzee wetu. Na hadithi hiyo hiyo yaendelea kwamba mapatano ya kheri yaliyofanywa zama za ujahili, Uislamu umeyazidishia nguvu.” Akatabasamu, akatuambia tumletee kitabu, tukasoma pamoja maelezo ya wanazuoni, miongoni mwao Imamu al-Nawawi. Tukaona kwamba lililokatazwa ni yale mapatano ya kurithiana na ya kusaidiana katika yaliyokatazwa na sharia, ama kuungana katika utiifu na kusaidiana katika wema hakukuondolewa.

Ndipo mzee mwenyewe akatukumbusha kisa cha Hilful-Fudhuli. Mfanyabiashara mmoja kutoka Zabid, nchi ya Yemeni, aliuza mali yake Makka, na mkubwa mmoja wa Makureshi, al-As bin Wail, akaichukua asimlipe. Mgeni yule hakuwa na kabila la kumtetea. Basi watu wa koo kadhaa wakakutana katika nyumba ya Abdullah bin Jud’an, wakaahidiana kuwa pamoja na kila aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apewe haki yake. Mtume alikuwapo, naye wakati huo alikuwa kijana wa kiasi cha miaka ishirini, hajapewa utume. Baadaye alisema kuwa hangekubali kuubadilisha mkutano ule kwa ngamia wekundu, na kwamba lau angeitwa kwa jambo kama lile katika Uislamu, angeitika.

Kisa hiki kilitupa mizani. Wenye nyumba ile hawakuwa Waislamu, lakini Mtume aliyapima mapatano yao kwa lile walilokusudia. Basi nasi tulimwandikia binti yetu maswali matano. La kwanza: maneno ya kiapo ni yapi, na je, utaonyeshwa kabla hujayasema? La pili: kuna lolote litakalokupasa kumficha mzazi wako? La tatu: ada ni kiasi gani, nayo itatoka wapi? La nne: wanapokutana hufanya nini, na asiyekunywa pombe wala kukumbatiana na wanaume atalazimishwa? La tano: ukiona neno lisilokupendeza, waweza kutoka kwa salama?

Tulimwambia pia: “Usituulize sisi yaliyo huko, kwani hatuyaoni. Waulize wao, utuletee majibu yao.”

Majibu yalikuja baada ya siku chache. Maneno ya ahadi alionyeshwa, nayo yalikuwa juu ya uaminifu katika masomo, kutumikia watu na kusaidiana. Hayakuwamo maneno ya kuabudu kitu wala ya kumtii mtu katika kila jambo. Alikubaliwa kutamka ahadi hiyo kwa insha Allah. Ada aliruhusiwa kuilipa kidogo kidogo kutokana na kazi yake ya maktaba. Kazi yao kubwa ni kuwafundisha watoto wa mji ule kusoma. Ama karamu za usiku zipo, na pombe huwapo katika baadhi yake, lakini kuhudhuria si lazima. Hapo mama yake alimwuliza: “Nawe utaweza kusema sitaki, wakati wote wanasema twende?” Akanyamaza, kisha akajibu: “Mama, nikishindwa nitawaambia.” Jibu hilo lilitutuliza kuliko kama angaliapa.

Tukampa radhi yetu, kwa sharti kwamba sala isichelewe kwa ajili ya mkutano, na kwamba karamu hizo asiende. Hatudai kwamba mambo yamekuwa mepesi. Wako wenziwe wanaomwona mwenye kujitenga, na alipotaka uongozi hakuchaguliwa, kwani kura aghalabu huwaendea wanaoonekana kila mahali. Jambo hilo lilimhuzunisha, nasi hatukumficha kwamba ndiyo bei ya kushika mpaka. Lakini watoto anaowafundisha humngojea kila Jumamosi, na wasichana wawili wa chama kile humlindia mlango anaposali.

Hapa Buhemba wachimbaji wadogo hawaokoti dhahabu iliyo safi. Hupasua mwamba, wakausaga kwenye karasha, wakauosha unga wake, na katika mawe mengi wakatoa kidogo cha thamani. Asiyejua kutenga huitupa dhahabu pamoja na mchanga, au huenda na mchanga wote nyumbani akidhani ni mali. Malezi nayo ndivyo yalivyo. Hatuwezi kuwachagulia watoto wetu kila jiwe la ugenini, bali twaweza kuwafunza kutenga wangali mikononi mwetu.

Twawanasihi wazazi wenzetu: mtoto akija na jambo geni, msiseme “ndiyo” kwa kuona fakhari ya jina la kigeni, wala msiseme “hapana” kwa woga tu. Ulizeni lililokusudiwa, ulizeni kiapo, ulizeni mlango wa kutokea, na mwendeeni mwenye elimu. Zaidi ya yote, mtoto azoee kuwaambia ukweli tangu angali mdogo, kwani siku atakapokuwa mbali hamtakuwa na jicho jingine la kumwonea.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wa Waislamu popote walipo, na awape wenzi wema. Amin.