Jina la Tatu

Mgeni afikaye Kongwa, makao ya wilaya yetu katika Ugogo, huuliza kwanza habari za karanga. Nami humwonyesha nyanda zilizofyekwa tangu mwaka 1947, Waingereza walipokuja na matrekta, mengine yakiwa ni vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Mvua ikawa haba, udongo ukakauka kama tofali, na mwaka 1951 serikali yao ikaiacha kazi ile, imekwisha kupoteza pauni milioni 36 na zaidi. Wagogo waliijua tabia ya mvua ya nchi yao, wangaliulizwa, wangalisema. Reli iliyoletwa kwa ajili ya karanga ikang'olewa.

Lakini silo lililonishikisha kalamu. Tangu mwaka 1964 wapigania uhuru walikaa hapa kambini: watu wa Msumbiji, ambao Samora Machel alikuwa mkuu wao, na wa Afrika ya Kusini, Namibia, Angola na Zimbabwe. Baadhi yao walizikwa hapa hapa. Wengine waliondoka kwenda vitani, na nyuma yao walibaki wanawake na watoto.

Basi, mwaka 2001 nalikuwa nikiandikisha watoto wa darasa la kwanza. Akaja bibi mmoja na mjukuu wake. Nikaandika jina la mtoto, nikaandika la baba yake, nikauliza la babu. Akajibu, "Simba."

Nikamwambia, "Bibi, hilo si jina la mtu. Nipe la kweli."

"Mwalimu, hilo ndilo alilonipa. La kwao walikatazwa kulitaja."

Watu waliokuwa mlangoni wakacheka. Nami, naona haya kusema, nikacheka pamoja nao. Bibi akamshika mtoto mkono, wakaenda zao.

Usiku ule sikupata usingizi. Hata asubuhi nikaenda kwake kumtaka radhi. Akanipa kiti, asiseme neno juu ya jambo lile, ila akaniuliza kama nina nafasi ya kumsindikiza makaburini. Yeye hakujua kusoma, na mtu aliondoka usiku katika lori, asipate habari zake tena. Alitaka nimsomee mawe.

Nikasema, "Lakini Bibi, kama wameandika jina la kwao, utamtambuaje?"

"Wewe soma tu, Mwalimu."

Nikasoma jiwe moja moja, yeye akinifuata nyuma, kanga ameifunga kichwani kwa sababu ya jua. Simba hakuwamo. Jina moja akaniomba nilirudie. Nikalirudia. Akasimama pale kitambo kidogo, kisha akasema twende, maana mtoto amebaki peke yake nyumbani.

Sikumwuliza neno. Jumatatu mtoto akaja shuleni, miguu imepakwa mafuta, na katika daftari nikaandika kwa wino jina la tatu: Simba.