Mkao wa Wimbi

Watu watakapo kupokea jambo litokalo mbali hutafuta kwanza vitu vitatu: nguvu, urefu na mwelekeo. Atakaye kuleta intaneti katika shule iliyo mbali na mji hufanya vivyo hivyo. Hununua antena kubwa, husimamisha mlingoti mrefu, kisha huulenga mnara wa mbali kama mwindaji alengavyo mshale. Yote hayo ni mema na ya lazima. Lakini liko jambo la nne, ambalo haliuzwi dukani wala halihitaji ngazi ndefu zaidi. Nalo ni mkao wa antena, yaani kama imesimama wima au imelala ubavu. Wataalamu huuita polaraizesheni. Kwa kuwa hauna gharama, aghalabu husahauliwa. Na ukisahauliwa, hupoteza gharama zote zilizotangulia.

Wimbi la sauti husukuma hewa mbele na nyuma, lakini wimbi la redio hutikisika kwa kukingama na njia yake, mfano wa kamba iliyofungwa mtini na kutikiswa na mtoto. Mtoto aweza kuitikisa juu na chini, au kulia na kushoto. Kwa hali zote mbili mtikisiko hufika mtini. Antena iliyosimama hutoa wimbi litikisikalo wima, na iliyolala hutoa litikisikalo ubavu. Waya wa kupokea huamshwa na mtikisiko ulio sambamba nao. Mtikisiko unaoukata msalaba hauupi kitu.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1888, mjini Karlsruhe, Heinrich Hertz wa Ujerumani alikigeuza chombo chake cha kupokea mpaka kikawa msalaba na kile cha kupeleka. Cheche zikatoweka, ingawa nguvu iliyotumwa haikupungua hata kidogo. Kisha akaweka baina ya vyombo hivyo kiunzi kilichotandwa nyaya sambamba. Nyaya zilipofuata mkao wa wimbi, wimbi lilizuiwa, zilipolikata, lilipita. Mtu afikiriaye kamba ipitayo kati ya fito za ua angetazamia kinyume chake. Lakini waya si ufito: ukiwa sambamba na wimbi, hulidaka na kulirudisha lilikotoka.

Hesabu yake ni nyepesi. Antena mbili zikihitilafiana kwa nyuzi 45, nusu ya nguvu hupotea. Zikihitilafiana kwa nyuzi 60, husalia robo. Zikifika nyuzi 90, kwa hesabu hapasalii kitu. Kwa vitendo, kwa sababu hapana antena iliyo kamili, na mawimbi hugonga kuta na miti yakapindika, mara nyingi husalia kama sehemu moja katika mia.

Aliye karibu na mnara haoni hasara hiyo, maana hata sehemu moja katika mia yamtosha. Aliye mbali hana akiba. Mahali peupe, umbali ukizidi mara 10, nguvu ifikayo huwa sehemu moja katika mia. Basi shule iliyo kilometa 5 kutoka mnarani, yenye antena iliyokaa msalaba, hupokea kama shule iliyo kilometa 50.

Umbali wenyewe si adui asiyeshindika. Mwaka 2006, nchini Venezuela, Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha kwa Wi-Fi vituo viwili vilivyoachana kilometa 279, kimoja kikiwa Pico del Águila katika milima ya Andes. Mwaka 2007 walifika kilometa 382. Walitumia masahani makubwa, na mojawapo lilikuwa sahani kuukuu la setilaiti. Mtazamaji aonapo sahani la duara hudhani halina mkao. Lakini sahani ni mkusanyaji tu. Mkao huamuliwa na kipande kidogo kilicho mbele yake, pale mawimbi yanapokutania.

Wala msalaba si kosa siku zote. Mafundi wenye njia mbili katika kilima kimoja huweza kusimamisha moja na kulaza nyingine makusudi, ili zisisumbuane. Ziko pia antena za siku hizi zichukuazo mikao yote miwili kwa pamoja. Kosa ni kutojua mkao wa yule unayemsikiliza.

Wahenga walisema akili ni mali. Mahali pengi huambiwa kuwa pako mbali mno, na wenyeji hukubali hukumu hiyo, au huchangishana fedha za mlingoti mwingine. Kabla ya kukubali au kuchanga, na waulize mnara umekaaje. Kisha fundi alegeze skrubu mbili, aigeuze antena robo ya duara, na atazame kipimo. Ikiwa kipimo hakikupanda, umbali ulisema kweli. Kikipanda, umbali ulikuwa umesingiziwa.