Sheli ya shangazi

Nimepotea kwa wiki kadhaa na sababu ni shangazi yangu.

Shangazi ni mweka hazina wa chama cha akina mama kule Voi. Wako 23. Kila mmoja huleta shilingi 500 Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na asiyeleta siku hiyo hutozwa faini ya shilingi 50. Hesabu zote alikuwa akiziandika kwenye daftari lililofunikwa kwa gazeti. Nilimpelekea laptopu yangu ya zamani nikamtengenezea jedwali la hesabu, na kufikia mwezi wa pili alikuwa amefuta nusu ya fomula bila kujua.

"Baba, hivi vijisanduku vinanichanganya," akaniambia kwa simu. "Mimi nataka niandike tu, Fatuma ameleta mia tano, basi."

Kabla ya kustaafu shangazi alikuwa mpiga taipu ofisini, na vidole vyake vina kasi kuliko vyangu. Mtu wa namna hiyo hahitaji picha za kubofya. Anahitaji sheli. (La, sizungumzii kituo cha petroli.) Sheli ni programu inayokaa ikikungoja uandike mstari mmoja. Inausoma, inautekeleza, inakujibu, kisha inangoja tena. Watu wa lugha ya Lisp walikuwa wakifanya kazi hivyo tangu miaka ya 1960, na bash, ambayo wengi wenu mnaijua kutoka Linux, ilitoka mwaka 1989. Si jambo jipya hata kidogo.

Nikaamua kuiandika kwa Haskell, lugha iliyotoka mwaka 1990 na kupewa jina la mwanahisabati Haskell Curry. Najua mtaniuliza kwa nini nisitumie Python kama watu wengine. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta kisingizio. Haskell ni lugha ya fanksheni tupu, na fanksheni tupu ni kama kinu cha kusagia. Ukitia mahindi yale yale utapata unga ule ule, leo au mwakani, na kinu hakiwezi kukuibia kuku nyuma ya nyumba wakati unasaga. Kazi yoyote inayogusa ulimwengu wa nje, kama kuandika kwenye skrini, kusoma faili au kuuliza saa, lazima itangazwe waziwazi kwenye aina ya fanksheni. Usipoitangaza, kompaila inakataa.

Moyo wa programu ulikuwa mstari huu:

tekeleza :: Amri -> Hali -> (Hali, Jibu)

Yaani nipe amri na hali ya chama ilivyo sasa, nikupe hali mpya pamoja na jibu la kumwonyesha shangazi. Amri zenyewe ni weka, faini, salio, bado na toka. Kuandika sehemu hiyo kulinichukua jioni moja.

Sehemu ya kusoma mistari ndiyo iliyonitesa. Mwanzoni nilitumia getLine ya kawaida. Shangazi alipobonyeza mshale wa kushoto ili asahihishe jina, skrini ikamwandikia ^[[D. Akanitumia picha na swali moja: "Hii ni nini?" Nikahamia Haskeline, maktaba ile ile inayotumiwa na GHCi, sheli ya Haskell yenyewe. Mishale ikafanya kazi. Mshale wa juu ukaleta amri iliyopita, na hilo lilimfurahisha kuliko yote, kwa sababu "weka" na "500" hazibadiliki, linabadilika jina tu.

Sasa niwaambie mahali nilipoharibu.

Nikijaribu programu nyumbani nilibonyeza Ctrl na C, ikafa papo hapo. Nikajua shangazi naye atabonyeza, maana ofisini amezoea kunakili maneno kwa vitufe hivyo hivyo. Haskeline ina handleInterrupt, fanksheni ya kudaka tukio hilo. Nikaizungusha kwenye programu nzima, iandike "Amri imesitishwa" kisha irudi kungoja. Nikajaribu mara moja, ikakaa hai, nikalala.

Jumamosi ikafika. Akina mama 17 walikuwa wameshatoa pesa. Shangazi akataka kunakili jumla, shilingi 8,500, amtumie mwenyekiti aliyekuwa safarini. Akabonyeza Ctrl na C. Programu ikasema amri imesitishwa, yeye akaendelea. Wakaja sita wa mwisho, akawaandika. Halafu akaandika "bado", apate majina ya wasiotoa ayasome mbele ya kikao kama kawaida yao. Akaanza kusoma. Jina la kwanza lilikuwa la mama mmoja mjane aliyefika mapema kuliko wote, na ambaye noti yake ya 500 ilikuwa ya kwanza kuingia kisandukuni. Mashine ilisema hajatoa na ana faini ya 50. Kabla shangazi hajasimamisha ulimi alikuwa ameshasoma majina manne.

Yule mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Nilikupa mkononi."

Waliokolewa na daftari. Shangazi hakuwa ameacha kuliandika hata siku moja, ila hakuniambia kwa sababu hakutaka kunivunja moyo. Majina 23 yalikuwamo kwa kalamu, na kisandukuni mlikuwa na 11,500. Programu yangu ilikuwa na 3,000.

Alinipigia jioni. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Baba, hii kitu imenifanya nimuite mtu mwongo," akasema.

Usiku ule sikulala mpaka nilipoelewa. Katika mtindo huu hali haikai kwenye sanduku moja linaloandikwa juu yake. Inapitishwa mkono kwa mkono kutoka hatua moja hadi nyingine, kama kijiti cha mbio za kupokezana. Mimi nilitumia StateT kuipitisha. Kosa linaporushwa, kijiti kilichokuwa mkononi wakati huo kinaanguka, na anayelidaka kosa anabaki na kile alichokuwa nacho alipoanza kusimama pale. Mdakaji wangu alisimama mlangoni mwa programu nzima. Kwa hiyo kijiti chake kilikuwa cha asubuhi, kabla ya yeyote kutoa. Programu haikufa, iliurudisha mkutano nyuma kimyakimya. Ingekufa, shangazi angejua kuna tatizo.

Marekebisho yenyewe ni madogo hadi yanaaibisha. Mdakaji nilimhamisha, akazunguka mzunguko mmoja mmoja badala ya programu nzima. Sasa Ctrl na C inapoteza mstari unaoandikwa tu. Lakini sikuridhika, kwa sababu nilikuwa bado nahifadhi faili mara moja tu, shangazi anapoandika "toka".

Nikamwomba anipigie picha daftari lake ukurasa kwa ukurasa. Mweka hazina huyu hafuti kitu. Akikosea anapiga mstari mwekundu na kuandika upya chini, na tarehe. Nikaiga. Programu sasa huongeza kila amri mwishoni mwa faili kabla ya kujibu. Ikifunguliwa, inaanza na chama kisicho na senti, inapitisha amri zote kwenye tekeleza kwa foldl, moja baada ya nyingine, na hali ya leo inajengeka yenyewe. Amri ya kufuta haipo. Ipo "batilisha 14", ambayo nayo ni mstari mpya. (Stima ikipotea ghafla, mfumo wa kompyuta huenda bado umeshikilia mstari wa mwisho haujafika kwenye diski, ila laptopu ina betri, na mstari mmoja shangazi ataukumbuka.)

Hapa ndipo kompaila iliponikatalia jambo, nami nikaitukana. Faini inategemea tarehe, kwa hiyo nilitaka tekeleza iulize leo ni lini. Haiwezi. Kuuliza saa ni kugusa ulimwengu wa nje, na aina yake haikutangaza hivyo. Nilizunguka chumbani dakika kumi ndipo nikaona ingetokea nini kama ingekubali. Nikifungua faili mwezi wa sita, malipo yote ya mwezi wa kwanza yangepimwa kwa tarehe ya mwezi wa sita, na akina mama wote 23 wangetozwa faini kwa pesa walizotoa mapema. Basi tarehe inaandikwa ndani ya mstari wenyewe wakati shangazi anapobonyeza Enter, kama alivyofanya daftarini miaka yote.

Kuna kosa jingine nililolikuta kwenye faili la zamani. Shangazi aliwahi kuandika "Fatma" badala ya "Fatuma", na programu ikamwandikisha Fatma kama mwanachama mpya mwenye shilingi 500. Sasa jina lisilojulikana linakataliwa, na akiandika "Fat" kisha Tab, jina linajikamilisha. Haskeline inaruhusu hali ya chama ikae chini yake, ili fanksheni ya kukamilisha ichungulie orodha ya wanachama.

Nilikwenda Voi mwenyewe kwenye mkutano uliofuata. Nilimwomba msamaha yule mama, akacheka, akaniuliza kama mashine imeshajua jina lake. Shangazi akaandika herufi mbili, akabonyeza Tab, jina likatokea lote. Yule mama akainama karibu na skrini akalisoma taratibu, halafu akasema herufi moja imekosewa. Kwenye daftari pia ilikuwa imekosewa, tangu siku aliyojiunga.

Kwa hiyo sasa naandika amri ya kubadilisha jina bila kugusa mistari iliyotangulia. Ikikamilika nitaweka msimbo wote hapa.