Usimwite Karani Mwizi Kabla ya Kulisoma Faili

Kama una mzazi anayechuma chai Kericho au Bomet, iko siku utaletewa faili la ripoti na kuambiwa, "Wewe uliyesoma, hebu tutazamie." Lifungue kwa makini. Ndani yake mna karo ya watoto na jina la mtu.

Mkulima mdogo anayepeleka majani katika viwanda vya KTDA, kama Litein, Kapkatet au Mogogosiek, hulipwa kila mwezi kwa kilo alizopima. Baada ya mwaka wa hesabu unaokwisha Juni, kilo hizo hizo huongezewa bonasi. Kwa hivyo kilo isiyoandikwa ni hasara mara mbili.

Mwaka jana kaka yangu alifungua ripoti ya kilo za Mama, akaona chai ya Aprili karibu yote haimo. Akavaa koti aende kumkabili karani wa kituo, kijana wa jirani tuliyemwona akikua. Nilimsihi angoje kwanza tulitazame faili lenyewe.

Ripoti ya namna hii huweza kuwa maandishi matupu: namba ya mkulima, tarehe na kilo, zimetenganishwa kwa alama ya mkato. Ukilifungua kwa programu ya kuandikia maandishi matupu, utayaona yalivyo. Ukilifungua kwa programu ya majedwali, kama Excel, programu hiyo huanza kukisia. Kompyuta ya kaka ilikuwa imepangwa kufuata tarehe za Kimarekani, ambako mwezi hutangulia siku. Tarehe 05/04 ikageuka kuwa Mei 4. Tarehe 19/04 ikabaki maneno tu, kwa kuwa hakuna mwezi wa 19. Chai ya Mama ilikuwamo yote. Kaka akavua koti.

Hila nyingine ni hizi. Namba ya mkulima inayoanza na sifuri hupoteza sifuri hiyo, ikaweza kufanana na ya mtu mwingine. Kilo zilizoandikwa "12 kg" hazijumlishwi, maana programu huziona kama maneno. Ukiona alama #### usishtuke. Panua safu tu.

Basi fanya hivi. Weka nakala ya faili kando, isiguswe. Lisome kwanza kama maandishi matupu. Kisha, badala ya kulibonyeza tu, liingize kutoka ndani ya programu ya majedwali, uiambie kwamba namba ya mkulima ni maandishi na kwamba katika tarehe siku hutangulia mwezi.

Mwisho, mpigie mzazi simu. Naye akusomee risiti za mizani moja moja, huku ukifuata mistari kwa kidole. Kama kilo zimepungua kweli, utakwenda kituoni na ushahidi mkononi. Kama hazikupungua, utakuwa umemwepusha jirani na neno "mwizi", neno ambalo likishatamkwa kijijini halifutiki.