Wimbo wa Malaika na Wimbo wa Mihogo

Mwaka jana nilialikwa arusini hapa Chanika. Mimi ni bwana shamba, na aliyeoa ni mtoto wa mkulima mmoja ninayemtembelea shambani. Usiku bendi ilipiga wimbo wa "Malaika". Watu wote wakaimba. Wazee waliimba, vijana waliimba, hata watoto waliokuwa wakila pilau waliimba.

Wimbo ulipokwisha, ubishi ukaanza. Mzee mmoja alisema, "Huu ni wimbo wa Miriam Makeba." Mwingine akakataa. "Ni wa Wakenya," alisema. Wa tatu alisema ni wa Boney M, kwa kuwa zamani alikuwa na sahani yao ya santuri. Wakaniuliza mimi. Nikawaeleza haya ninayoyajua.

Wimbo wa "Malaika" unaeleza habari za kijana maskini. Anampenda msichana na anataka kumwoa. Lakini hana mali. Jambo hilo linajulikana Chanika, na linajulikana kila mahali. Ndiyo maana wimbo huu haujachakaa.

Mtu wa kwanza kuurekodi ni Fadhili William, mwanamuziki wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1938. Aliurekodi mwaka 1960 pamoja na bendi yake iliyoitwa Jambo Boys. Baadaye aliurekodi tena katika studio ya Equator.

Kisha wimbo ukasafiri. Miriam Makeba alikuwa mwimbaji wa Afrika Kusini. Serikali ya makaburu ilimkatalia kurudi kwao, akaishi Marekani. Mwaka 1965 yeye na Harry Belafonte walitoa sahani ya nyimbo za Afrika, na "Malaika" ilikuwamo. Mwaka uliofuata sahani hiyo ilipata tuzo ya Grammy, ambayo ni tuzo kubwa ya muziki huko Marekani. Mwaka 1981 kundi la Boney M la Ujerumani nalo likaurekodi. Mwaka 1991 akaurekodi Angelique Kidjo, mwanamama wa Benin. Hivyo wimbo wa Kiswahili ukaimbwa na watu ambao Kiswahili si lugha yao, na ukasikilizwa na watu wasiojua neno lake hata moja.

Lakini nani aliutunga? Hapo ndipo penye ugomvi. Fadhili William alisema wimbo ni wake. Alifariki mwaka 2001. Mtanzania mmoja, Adam Salim, aliyezaliwa mwaka 1916, alisema yeye ndiye aliyeutunga, kati ya mwaka 1945 na 1946. Alisema aliutunga kwa ajili ya msichana aliyempenda, lakini yule msichana akaozwa kwa mtu tajiri. Adam Salim hakuurekodi wakati ule. Wako na wengine waliodai kuwa wimbo ni wao. Ubishi huo haukuisha.

Wimbo ukiwa mdomoni tu, mwenyewe haonekani. Ukirekodiwa, huandikwa jina la mtunzi. Kila wimbo unapouzwa au kupigwa, mtunzi hustahili malipo, nayo huitwa mrabaha. Malipo hayo hufuata jina lililoandikwa. Jina lisipoandikwa, au likiandikwa jina la mwingine, mtunzi hana la kushika mkononi.

Nilipofika hapo, mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye mkeka aliniita. Ni mkulima wa mihogo, umri wake ni zaidi ya miaka sabini.

"Mwanangu," alisema, "na wangu je?"

Nilinyamaza. Nilijua anasema nini.

Miaka sita kabla ya hapo, mama huyu alitunga wimbo kwa ajili ya kikundi chake. Wimbo ulifundisha kilimo cha mihogo. Ulisema usichukue pando kwenye shina lenye batobato. Ulisema shina lililougua ling'olewe mapema. Mimi nilikuwa nimeyasema hayo mara nyingi, na watu walisahau. Lakini mama alipoyatia katika wimbo, watu waliyashika.

Niliupenda sana. Niliufundisha kwa vikundi vingine vitatu. Kikundi kimoja kiliuimba kwenye maonyesho ya Nane Nane, Morogoro. Kilipigiwa makofi na kikapewa zawadi ya majembe. Katika taarifa yangu niliandika kwamba kikundi kiliimba wimbo mzuri. Kalamu nilikuwa nayo, na daftari nilikuwa nalo. Jina la mama sikuliandika.

Wiki iliyofuata nilikwenda nyumbani kwake. Nilimwamkia, nikamwomba radhi. Akasema, "Kaa, tuandike." Aliimba polepole, nami niliandika. Mahali pawili alinisahihisha. Mwisho aliandika jina lake mwenyewe, herufi moja moja, kama alivyojifunza katika darasa la kisomo. Tuliandika na tarehe. Mashahidi wawili walitia sahihi.

Kisha nilikwenda kwa vile vikundi vitatu. Viwili vilikubali mara moja. Kile kilichopata majembe kilikataa. Walisema wao wameongeza ubeti. Niliwaambia, "Huo ubeti ni wenu, tutauandika kwa jina lenu. Lakini wimbo una mama yake." Walibishana siku nzima. Mwishoni walikubali kulitaja jina la mama kila wanapoanza kuimba. Majembe hayakurudi, na mama hakuyadai.

Ndugu msomaji, nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha COSOTA, chombo kinachosimamia haki za watunzi. Mtunzi ana haki tangu siku anapotunga. Lakini ukitokea ugomvi, utaulizwa ushahidi. Karatasi yenye maneno ya wimbo, jina, tarehe na mashahidi ni ushahidi.

Kama unatunga nyimbo za ngoma, za arusi au za kilimo, ziandike. Kama huwezi bado, mwombe mtoto wako wa shule akuandikie, nawe utie jina lako. Na wewe unayeimba wimbo wa mwenzako, imba, hakuna ubaya. Lakini uliza kwanza ni wa nani, na ulitaje jina lake.

Daftari la mama sasa liko ndani ya sanduku lake la nguo. Ameniambia kuwa tangu siku ile ameandika humo nyimbo nyingine nne.