Mashine ya Jikoni Haina Macho

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya mashine ya jikoni inayoitwa blenda. Najua wengine mtasema, "Karani wa parokia na mambo ya jikoni, wapi na wapi?" Ngojeni kwanza. Habari hii imeniuma katika mwili wangu mwenyewe, kwa hiyo nadhani ninayo haki ya kuisimulia.

Hapa kwetu Chidya, kama katika vijiji vingi vya Masasi na Newala, chombo cha kusagia tangu enzi za babu zetu ni kinu na mchi. Kisamvu hutwangwa, karanga hutwangwa, mtama hutwangwa. Siku hizi nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi, na nyuma ya taa na redio imekuja blenda. Kijana anayefanya kazi Dar es Salaam akirudi nyumbani kwa sikukuu, humletea mama yake blenda ndani ya sanduku lenye picha nzuri. Mama hushukuru, huiweka juu ya kabati, na siku ya kwanza ya kuitumia hakuna wa kumwonyesha.

Msimu wa korosho uliopita, akina mama wa jumuiya yetu walinijia ofisini. Wana kikoba chao, nao walikusudia kununua mashine ya kusaga karanga za kuuza, tena ya kutengeneza maji ya mabibo, ambayo kila mwaka huoza bure chini ya mikorosho. Mkubwa wao akaniambia, "Bwana karani, wewe umesoma chuo cha ualimu, na hesabu unazijua. Tutafutie mashine inayofaa, tusije tukatupa fedha ya watu." Nikakubali. Nikaazima mashine tatu kwa watu ninaowafahamu, ili nizipime moja moja.

Ya kwanza ni blenda ndogo ya jagi la plastiki, yenye nguvu ya wati 350. Ya pili ni ile ya namna ya Kihindi, yenye majagi ya chuma, wati 750. Ya tatu ni kubwa, ya wati 1,500, kama zile za mahoteli. Bei yake ingemeza karibu kikoba chote.

Kabla sijawaambia niliyoyaona, yafaa nieleze jinsi mashine hii inavyofanya kazi. Mwaka 1922 Stephen Poplawski, mzaliwa wa Poland aliyehamia Marekani, alitunga chombo cha kuchanganyia vinywaji, kisu chake kikiwa chini kabisa ya kikombe. Mwaka 1937 Fred Waring, kiongozi wa bendi ya muziki huko huko Marekani, alianza kuuza mashine ya namna hiyo, nayo ikaenea. Tangu wakati huo hata leo mpango ni ule ule: mota iko chini, na kisu kiko chini ya jagi. Mkikumbuka hilo mtaelewa hatari yake. Kisu kimekaa mahali ambapo chakula hukifunika, na macho hayakioni.

Basi, Jumamosi moja nikaanza na ile ndogo. Nikatia vikombe viwili vya karanga zilizokaangwa. Ikasaga kidogo, ikakwama. Nikaizima, nikakoroga kwa mwiko, nikaiwasha tena. Mara ya tatu ikatoa harufu ya kuungua. Nikiwa nasubiri ipoe nikaiwasha tena, na papo hapo umeme ukakatika.

Mimi, niliyezoea kuwaonya wanangu wasichezee soketi, nikajiambia, "Umeme haupo, hatari haipo." Swichi sikuirudisha, plagi sikuichomoa. Nikaingiza vidole viwili vya mkono wa kuume ndani ya jagi ili niondoe karanga zilizoganda chini ya kisu. Nikasikia watoto wa jirani wakishangilia, "Umerudi!" Kabla sijaelewa ni kitu gani kilichorudi, kisu kilikwisha kuzunguka.

Wasomaji wangu, vidole vyangu vilichanika, kimoja hata mfupa ukaonekana. Mke wangu akavifunga kwa kanga safi, akavikaza, akanipeleka zahanati kwa pikipiki. Nikashonwa. Kwa majuma matatu sikuweza kushika kalamu, na kitabu cha ubatizo kiliandikwa na mwalimu wa dini mimi nikimsomea majina. Mganga aliponiuliza kisa changu, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Shukuru mashine yako ilikuwa dhaifu." Maana karanga zile nzito zilikizuia kisu kisishike kasi. Kesho yake nilikuwa nimepanga kupima ile ya wati 1,500. Kama ingekuwa hiyo, leo nisingekuwa na vidole vya kuandikia.

Mke wangu hakunigombeza. Aliniambia neno moja tu: "Baba watoto, mchi ukiuacha haurudi wenyewe." Neno lile lilinifundisha kuliko mafunzo yote ya chuoni. Mchi husukumwa na mkono, na mkono ukichoka, mchi husimama. Mashine husukumwa na umeme unaotoka mbali, nao huondoka na kurudi bila kumwuliza mtu.

Nilipopona niliendelea na upimaji, maana ahadi ni deni. Sasa nawaambieni niliyoyaona.

Kwa maji ya mabibo, embe au papai, mashine zote tatu zilifanya kazi vizuri. Ile ndogo ilichelewa dakika moja au mbili tu. Kwa hiyo mtu anayetaka maji ya matunda kwa watoto wake hana haja ya kununua nguvu nyingi.

Kwa karanga ndipo tofauti ilipoonekana. Ile ndogo haikuweza. Ile ya wati 750 iliweza kwa kuipumzisha mara tatu na kuongeza mafuta kidogo. Ile kubwa ilisaga karanga zile zile zikawa laini kwa dakika mbili hivi, lakini kelele yake ilimfanya mtoto mchanga wa jirani alie.

Kisamvu kilisagika katika zote kwa kuongeza maji. Lakini bibi mmoja alikionja, akatikisa kichwa, akasema cha kinu ni kitamu zaidi. Sikubishana naye. Ama mahindi makavu na makopa, hayo yapelekeni mashine ya unga ya kijiji. Blenda si kinu cha nafaka.

Tena kuna hesabu ambazo wauzaji hawatuambii. Watu wengi hudhani mashine kubwa hula umeme mwingi. Si lazima iwe hivyo. Wati 1,000 zikitumika saa moja, hiyo ni uniti moja ya LUKU. Mashine ya wati 1,500 kwa dakika 2 hutumia uniti 0.05. Mashine ya wati 350 ikihangaika kwa dakika 10 hutumia uniti 0.058. Tofauti ni ndogo sana. Gharama kubwa ya mashine kubwa ni bei yake dukani, si umeme wake.

Hesabu ya pili itawakinga na udanganyifu. Sokoni mtaona blenda zimeandikwa wati 4,500 au hata zaidi, kwa bei rahisi. Tazameni plagi yake. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13, na umeme wetu ni volti 230. Zidisheni 13 kwa 230, mtapata 2,990. Basi mashine ya plagi hiyo itawezaje kufanya kazi kwa wati 4,500? Aliyeandika hivyo ameandika ili auze. Vivyo hivyo "nguvu za farasi": farasi mmoja ni wati 746, lakini mara nyingi namba inayotangazwa ni ya kilele cha kitambo kidogo tu, si ya kazi ya siku zote. Someni kibao kidogo kilichobandikwa chini ya mashine, wala msitegemee herufi kubwa za sandukuni.

Tena, mkiletewa mashine kutoka Marekani, tazameni kibao hicho kwa makini. Umeme wa huko ni volti 120. Mashine yake ikichomekwa katika volti 230 yaweza kuungua mara moja. Na mwenye umeme wa jua wa betri ya volti 12 asidanganyike: kuendesha wati 1,500 kutoka betri hiyo ni kuivuta ampea 125, na mtambo mdogo wa taa hauwezi mzigo huo.

Sasa nije kwenye usalama, ambao ndio shina la maneno yangu.

Kwanza, umeme ukikatika, rudisheni swichi na kuchomoa plagi kabla ya jambo lingine lolote. Blenda nyingi zenye swichi ya kuzungusha huanza zenyewe umeme urudipo.

Pili, chakula kikikwama msitumie kidole, wala mwiko wakati kisu kinazunguka. Zimeni, chomoeni, ndipo mkoroge.

Tatu, msitie mchuzi wa moto ukajaa jagi. Mvuke ukikosa njia husukuma kifuniko, na mchuzi humrukia mtu usoni. Acheni upoe kwanza. Kama hamna budi, tieni usiozidi theluthi ya jagi, ondoeni kizibo kidogo cha katikati ya kifuniko, funikeni kwa kitambaa, na kuanza kwa mwendo wa polepole. Vile vikombe vidogo vinavyofungwa kabisa na kupinduliwa msivitie kitu cha moto hata kidogo.

Nne, mashine ndogo ifanye kazi dakika moja, kisha ipumzike. Ikitoa harufu ya kuungua, basi, kazi yake imekwisha mpaka ipoe kabisa. Jioni taa zikififia kwa umeme hafifu, acheni kusaga vitu vigumu, maana mota huchoka na kupata joto.

Tano, nimeona watu wakitumbukiza kijiti katika tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Jambo hili ni la hatari. Nunueni plagi inayofaa. Wala msishike plagi kwa mikono yenye maji, wala kusimama miguu mitupu penye majimaji.

Sita, wakati wa kuosha, visu msiviache ndani ya beseni la povu. Anayekuja kuosha baadaye havioni. Tieni maji na tone la sabuni katika jagi, fungeni kifuniko, zungusheni nusu dakika, kisha chomoeni plagi ndipo mmwage. Sehemu ya mota isitiwe majini, ifuteni tu kwa kitambaa.

Kuna onyo jingine linalotuhusu sisi hasa watu wa kusini. Muhogo mchungu una sumu, na kuusaga laini tu na kuupika siku ile ile hakuitoi. Katika miaka ya 1980, wakati wa ukame, watu wa wilaya ya Masasi walifupisha kazi ya kuandaa muhogo mchungu kwa sababu ya njaa, na wengi wakaugua. Mashine yaweza kufupisha saa za kutwanga, lakini haiwezi kufupisha siku za kuandaa muhogo. Mama, usikubali kasi ya blenda ikusahaulishe alichokufundisha bibi yako.

Labda mtauliza, akina mama walinunua ipi? Niliwasomea hesabu zote, nao wakajadiliana wenyewe. Walichagua ile ya wati 750 yenye majagi ya chuma. Jagi la chuma halipasuki ovyo likianguka, na fedha iliyobaki waliitumia kununua chupa na kumlipa fundi aliyeweka soketi salama mahali pasipofikiwa na watoto. Nami nakiri nilikuwa nimevutiwa na ile kubwa. Sasa naona walifanya vema. Nguvu ya kutosha kazi yako ni bora kuliko nguvu ya kuonyesha wageni.

Kisha wakaweka sharti moja, nao hulifuata kila siku, na mgeni akija huambiwa hilo kabla ya kupewa karanga. Atakayeingiza mkono mmoja ndani ya jagi, sharti mkono wake wa pili uwe umeshika plagi iliyochomolewa, watu wote waione. Hakuna anayesamehewa, hata mimi karani. Jumapili iliyopita nilipita kuwasaidia, nikasahau, nikanyosha mkono. Mtoto mmoja wa darasa la tatu akanizuia, akaniuliza, "Shikamoo karani, plagi iko wapi?"

Wapenzi wasomaji, nawaombeni mwulize swali hilo hilo nyumbani kwenu.