Farasi wa Juzuu Amma

Chuoni tulianza na Al-Fatiha, kisha tukarukia mwisho kabisa wa msahafu na kuanza kurudi nyuma, sura baada ya sura. Ndivyo watoto wengi wa Unguja walivyosomeshwa. Sura fupi ziko huko mwisho, katika Juzuu Amma, jumla yake 37, na nyingine hazizidi aya tatu. Kabla ya hapo ilikuwa alifu fataha a, alifu kasra i, alifu dhumma u, sote kwa sauti moja, hadi majirani waliokuwa hawajatia mguu chuoni nao wakajua irabu.

Mwalimu wetu alikuwa bibi mtu mzima. Alisuka ukili wa mkindu huku akitusikiliza, na katikati ya makelele yale, kila mmoja na sura yake, alilidaka kosa la mtoto mmoja tu. Hakuinua uso. "Rudia, mwanangu," alisema, na aliyekosea alijijua. Bakora ilikuwapo pia, imelazwa juu ya mkeka, na sitaisifu hapa kama wanavyoisifu wenzangu wa rika langu. Nilichokihifadhi nilikihifadhi kwa sababu kilikuwa kitamu mdomoni.

Maana hatukuijua. Tulisoma Kiarabu barabara, lakini lau Mwarabu angetuuliza njia ya kwenda Darajani tungebaki tunamtumbulia macho. Tena si kusoma tu. Ukishikwa na homa uliandikiwa kombe: aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi, ukapewa unywe. Baba, aliyekuwa dresa, hakupinga, ila alishika zamu ya kwanza. "Klorokwini kwanza, kombe baadaye." Nikameza chungu ya serikali, nikateremshia na maandishi.

Sura niliyoipenda kuliko zote ni Al-Adiyat, ya 100, yenye aya 11. Aya tano za mwanzo ni fupi, kila moja inafunga kwa herufi ya kooni na pumzi inakatika hapo hapo. Halafu, bila kuonywa, mwendo unageuka: sauti inavutwa, inakuwa nzito, kana kwamba mtu amesimama na kuanza kukusema. Niliisoma njiani nikirudi nyumbani, na kila mara nilijikuta nakimbia, mpaka pale inapogeuka, ambapo nilipunguza mwendo. Hakuna aliyenifundisha hivyo.

Nilikuwa sekondari pale mjomba alipoleta nyumbani tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mzaliwa wa Unguja aliyepata kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Tafsiri yake kamili ilitoka Nairobi mwaka 1969. Watu wazima walifungua Al-Baqara. Mimi nilifungua ya 100. Farasi! Wanakwenda mbio wakihema, kwato zinatoa cheche, wanashambulia alfajiri, vumbi linatimka. Kisha ndiyo zile aya za sauti ya kuvutwa: binadamu hamshukuru Mola wake, anapenda mali mno, na ipo siku makaburi yatafukuliwa. Sisi tuliokulia mjini tulijua punda wa gari la mizigo. Farasi wa vita nilikuwa nao kifuani miaka yote ile na sikuwa na habari.

Ningeishia hapo ningekuwa nimesema uongo nusu, maana jambo la pili nililolitazama lilikuwa Al-Masad. Hiyo nayo tuliipenda kwa mahadhi yake, tukiisoma kwa furaha, mabega yakicheza. Kumbe ni maangamizi ya Abu Lahab, na mkewe mchukuzi wa kuni mwenye kamba ya nyuzi za mtende shingoni. Mkindu ni jamaa wa mtende. Nikamkumbuka mwalimu na ukili wake, akitusikiliza tukichekelea adhabu ile bila kusema neno. Sijui kama aliijua maana. Naamini aliijua, na akaona hatujafika.

Tangu hapo sijawahi kuuamini uzuri peke yake. Uzuri unaweza kukuingizia nyumbani kitu chochote. Lakini wale walimu wa skuli waliotuambia kukariri ni ukasuku sikukubaliana nao hata siku moja. Huwezi kuulizia maana ya kitu usichokuwa nacho, na mimi nilifika kwenye ile tafsiri na maswali yangu tayari, yamehifadhiwa kwa moyo. Hata imani yangu, nikiichunguza, sioni kwamba ilianza na hoja. Hoja zilikuja zikaikuta imekaa kitako, na nyingine zilikuja kuitoa.

Mjukuu wangu anasomea simu. Kila aya ina tafsiri chini yake, na hukumu za tajwidi zimetiwa rangi. Juzi nilimwomba Al-Adiyat.

"Ile ya farasi, bibi?"

"Hiyo hiyo."

Akaisoma vizuri, polepole, kila herufi mahali pake. Nikamwambia aisome upesi zaidi.

"Mwalimu anasema tusiharakishe."

"Mwalimu wako ana haki, na hiyo yake umeshanisomea. Sasa nisomee na yangu. Mbio, ila usinilie herufi hata moja."